Ba Anaitegemea Mantra ya Kushinda Mauti: Je, Aache Mashine ya Kusafisha Damu?

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 41, Mtanzania mwenye asili ya Kigujarati, mzaliwa wa Tanga, ambako babu yangu mzaa baba alifika akiwa kijana kufanya kazi ya duka. Nyumbani tunachanganya Kiswahili na Kigujarati, lakini Kigujarati changu ni cha jikoni, na Kisanskriti sikijui kabisa. Ninaishi na mama yangu mzazi, ambaye sisi sote, hata majirani, tunamwita Ba. Ana miaka 68. Figo zake zilishindwa kazi mwaka juzi kutokana na kisukari cha muda mrefu, na tangu hapo anasafishwa damu kwa mashine kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara.

Ba ni mtu wa ibada. Tangu nikiwa mdogo nimemzoea akioga alfajiri, akiwasha taa ya samli mbele ya picha ya Mahadev, yaani mungu Shiva, na kuhesabu mala yake, ule mzunguko wa shanga za sala. Hata akiwa kwenye mashine, mkono wake wa kulia huwa umeingia ndani ya mfuko wa kitambaa wenye mala, shanga zinapita moja moja, na midomo inacheza bila kutoa sauti. Mantra anayoisoma, yaani maneno matakatifu anayoyarudiarudia, ni Mahamrityunjaya, ambayo nimeambiwa ni mantra ya kushinda mauti. Mwezi uliopita, akiwa katikati ya kusafishwa, alinishika kiganja akaniuliza, “Dikri (binti yangu), nitapona?” Nilishindwa kumjibu. Nilijifanya ninatafuta simu kwenye mkoba.

Kaka yangu anaishi Leicester, Uingereza, na mke wake. Amempata kwa simu mtu anayejitambulisha kuwa ni mjuzi wa mantra, ambaye anasema kwamba yeye peke yake ataisoma mantra hii mara 125,000 ndani ya siku saba, na kwamba figo za Ba zitaamka. Anataka shilingi 3,500,000. Ametoa pia masharti: kwa Jumatatu saba mfululizo, kwa kuwa Jumatatu ni siku ya Shiva, Ba afunge kwa kula matunda na kunywa madafu tu, na siku hizo asiingie kwenye mashine, kwa sababu eti chuma hukata nguvu ya mantra. Tayari ametutumia uzi mwekundu, na Ba ameufunga kwa mafundo matatu kwenye kifundo cha mkono wa kushoto, mkono huohuo wenye mshipa wa mashine, ili nguvu iingie katika damu. Jumatatu ijayo ndiyo ya kwanza.

Maswali yangu ni haya. Mantra hii maana yake ni nini hasa? Je, inaponya? Mimi mwenyewe natamani kuisoma pamoja na Ba, lakini mjomba wangu anasema mwanamke, tena asiye wa ukoo wa makuhani, haruhusiwi kutamka maneno ya Veda, maandiko matakatifu ya kale ya dini yetu ya Kihindu. Nimeyaandika kwenye daftari kwa herufi zetu za Kiswahili kama ninavyomsikia Ba, nawe utanisahihisha:

Om Triambakam yajamahe
sugandhim pushtivardhanam
urvarukamiva bandhanan
mrityor mukshiya mamritat

Na kaka yangu nimwambie nini, maana anaona ninamnyima Ba nafasi ya kupona?

Wako,
Binti wa Ba, Tanga

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Barua yako niliijibu kwa simu siku ileile iliponifikia, kwa kuwa Jumatatu ilikuwa karibu mno, nami nakushukuru kwa kuniruhusu niyaandike hapa yale tuliyozungumza pamoja na yale ambayo simu haikuyatosha. Nimekuwa muuguzi kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, na ni mtu wa ibada kama Ba. Mantra hii nilifundishwa na mama yangu Mombasa kabla sijajua kusoma. Ninayokuambia hapa chini yanatoka pande zote mbili, na sijapata kuziona pande hizo zikigombana.

Nianze na jambo ambalo hukuliuliza. Ufungue ule uzi leo. Mshipa wa mkono wa kushoto wa Ba si mshipa wa kawaida: daktari ameuunganisha kwa upasuaji na mshipa unaotoka moyoni, ili damu ipite kwa nguvu na mashine ipate pa kuchukulia. Ndiyo maana wauguzi hawampimi presha mkono ule, hawamtoi damu ya vipimo mkono ule, na humkataza kuulalia. Kitu chochote kinachoubana, kiwe bangili, saa au uzi wa mafundo matatu, kinaweza kuifanya damu igande na mshipa uzibe, na ukishaziba Ba atarudi kwenye upasuaji au kwenye mpira wa shingoni. Uzi wenyewe si adui. Mfungie mkono wa kulia, uwe umelegea kiasi cha kupitisha vidole viwili.

La pili ni hizo Jumatatu. Hebu hesabu pamoja nami. Ba anasafishwa Ijumaa, kisha anakaa Jumamosi na Jumapili bila mashine, na tayari huo ndio muda mrefu kuliko yote katika wiki yake, ambao madaktari wa figo huuhofia zaidi. Akiruka Jumatatu, kutoka Ijumaa hadi Jumatano ni siku tano. Kwa siku tano, maji ambayo figo zake haziwezi kuyatoa yatajikusanya miguuni, kisha kwenye mapafu, na potasiamu, madini ya chakula ambayo figo huyachuja, itapanda katika damu. Na huyo bwana, ama kwa kutojua ama kwa kutojali, amechagua kumlisha siku hiyohiyo vyakula ambavyo mgonjwa wa figo anapaswa kuviogopa kuliko vyote. Mfungo wetu wa matunda ni ndizi, tende, viazi, maziwa na madafu. Karibu kila kimoja kimejaa potasiamu, na dafu moja, ambalo kwa mtu mwenye afya ni baraka siku ya jua la Tanga, kwa Ba ni hatari kubwa. Potasiamu ikizidi huuvuruga moyo mapigo yake, na mara nyingine moyo husimama bila kutoa onyo lolote. Haya ni mambo niliyoyashuhudia wodini, na ndiyo maana sipimi maneno: masharti haya yanaweza kumuua Ba Jumatatu ya kwanza, kabla hata ya kufika ya pili.

Sasa tuje kwenye mantra yenyewe, kwa sababu naamini kwamba ukiielewa, utaona kuwa haijawahi kuomba kile ambacho mtu huyo anakiuza.

Maneno uliyoyaandika ni ubeti mmoja wa Rigveda, mojawapo ya zile Veda, kitabu cha saba, wimbo wa 59, ubeti wa 12, ambao mapokeo yanausema ni wa mwonaji Vasishtha, na unapatikana pia katika Veda nyingine, Yajurveda. Umetungwa kwa bahari iitwayo anushtubh, yenye vipande vinne vya mizani nane nane. Wewe uliyesoma tenzi shuleni utaiona sura hiyo mara moja, kwa sababu ubeti wa utenzi nao una vipande vinne, na kila kipande mizani nane. Tungo mbili zisizokuwa na undugu wowote zimekutana kwenye kipimo kimoja, labda kwa sababu pumzi ya binadamu ni ileile. Unapoughani ubeti huu, uuache utembee kama utenzi, pasipo haraka.

Triambaka ni mwenye macho matatu, yaani Shiva, ambaye katika Veda huitwa Rudra. Yajamahe ni tunamwabudu, tunamtolea sadaka. Sugandhim ni mwenye harufu njema. Pushti ni siha, ule unono wa afya unaoonekana usoni mwa mtu aliyekula akashiba na kulala vizuri, na vardhanam ni mwenye kuikuza. Hadi hapo ni sifa. Ombi linaanza kwenye kipande cha tatu, na linaanza na mboga. Urvaruka ni tango, au jamii ya tango na tikiti linalotambaa. Iva ni kama. Bandhana ni kifungo, na hapa ni kile kikonyo kinacholishika tunda kwenye mti wake. Mrityor ni kutoka mautini. Mukshiya ni nifunguliwe, neno lililotoka katika mzizi uleule wa moksha, yaani ukombozi. Na mamritat si neno moja, ni mawili yaliyoungana: ma, yaani si, na amritat, kutoka kwenye uzima usiokufa. Nikiyaunganisha kwa Kiswahili nasema hivi: Tunamwabudu Mwenye Macho Matatu, mwenye harufu njema, mkuzaji wa siha. Kama tango linavyofunguka kutoka kwenye kikonyo chake, nami nifunguliwe kutoka mautini, ila nisitengwe na uzima usiokufa.

Lifikirie hilo tango, binti yangu. Usilifikirie lile la kachumbari, ambalo huchumwa bichi na kisu kikaacha utomvu. Lifikirie lile lililosahauliwa shambani chini ya majani hadi likawa la manjano; siku moja unalishika, na linabaki mkononi mwako bila kuvutwa, kwa kuwa kikonyo kilikwisha kulegea chenyewe. Mshairi wa kale angeweza kuomba mauti yaondolewe kabisa. Hakuomba hivyo. Alifananisha kufunguliwa na kuiva, na tunda huiva kwa kulishwa na mti huohuo ambao siku moja litaachana nao. Ndiyo sababu katika ubeti mmoja kuna maombi mawili ambayo mtu mwenye pupa huyaona kuwa yanapingana: mkuzaji wa siha, nilishe ninawiri, na wakati ukifika, nifungue bila kunichana. Mimi nimeusoma ubeti huu kwa wagonjwa waliokwenda nyumbani wakitembea, na nimeusoma kwa waliokuwa wakiaga, na sikuhitaji kubadilisha hata silabi moja.

Mtu wa simu atakukumbusha kisa cha Markandeya, na Ba bila shaka alikusimulia utotoni. Mrikandu na mkewe walimwomba Shiva mtoto, wakaambiwa wachague kati ya mwana mwenye umri mrefu asiye na akili, na mwana mwenye hekima atakayeishi miaka 16 tu. Wakachagua wa pili. Siku ilipotimia na Yama, mungu wa mauti, akaja na kitanzi chake, kijana alikuwa akiabudu, akalikumbatia jiwe la lingam, alama ya Shiva, kitanzi kikaliangukia na jiwe pia, na Shiva akatoka ndani yake kumzuia Yama. Watu wengi wanaamini kuwa mantra hii ndiyo aliyoisoma. Ni kisa ninachokipenda, nami sikichukulii kama mkataba wa kibiashara. Markandeya hakumlipa mtu alikumbatie jiwe kwa niaba yake, na wazazi wake, waliojua siku zote hesabu ya miaka yake, hawakuacha kumlisha.

Uliuliza kama inaponya. Wazee wetu wenyewe walilijibu swali hili kwa utaratibu kuliko wanavyolijibu wengi wa leo. Charaka Samhita, kitabu cha msingi cha Ayurveda, tiba ya jadi ya India, kinataja njia tatu za tiba: ile inayomtegemea Mungu, yenye mantra, sadaka na mifungo, ile ya akili na mpangilio, yenye chakula na dawa, na ile ya kuitawala nafsi isikimbilie yanayoidhuru. Zimewekwa pamoja, kila moja na kazi yake. Na Rudra huyu anayeombwa katika mantra, Rigveda yenyewe humwita tabibu bora kuliko matabibu wote. Siwezi kuamini kwamba mungu anayesifiwa kwa utabibu anaudhiwa na mashine inayomwondolea Ba sumu mwilini.

Kuna pia ushahidi wa kitabibu, na ni vyema uujue kwa kiwango chake halisi. Mwaka 2001 jarida la kitabibu la Uingereza, British Medical Journal, lilichapisha utafiti uliofanywa na madaktari wa Italia kwa watu wazima 23 wenye afya njema. Walisalishwa rozari kwa Kilatini, na wakati mwingine wakarudia mantra ya Kibuddha. Katika hali zote mbili kupumua kulishuka hadi karibu mara sita kwa dakika, mwendo wa moyo na wa presha ukaanza kwenda kwa wimbi moja, na uwezo wa mwili kujirekebishia presha ukaongezeka. Maana yake ni kwamba sala inayorudiwa kwa kipimo huipangia pumzi mwendo, na pumzi huutuliza moyo. Watumiaji wa tasbihi na rozari katika mtaa wako wanalijua hilo kwa uzoefu, kila mmoja kwa nyiradi zake. Lakini wale 23 walikuwa na afya. Hakuna aliyekuwa na figo zilizokufa, na utafiti huo haukudai lolote kuhusu figo. Figo zilizoharibiwa na kisukari kwa miaka mingi haziamki, na yeyote anayeahidi kwamba zitaamka anakudanganya, hata akiapa kwa jina la Shiva.

Faida niliyoiona mimi kwa macho yangu ni hii: mgonjwa anayeghani anapumua polepole, haikazi misuli sindano inapoingia, zile saa nne anazipa kazi ya kufanya badala ya kuukodolea macho ukuta, na akiwa na mtu wa kughani naye hayuko peke yake na hofu. Mimi huita hayo uponyaji, na sioni haya kuyaita hivyo. Ila sijawahi kuyaita badala ya dawa.

Kuhusu hesabu ya 125,000, ni desturi ya kweli katika dini yetu, nasi huiita sava lakh. Ila kwa kawaida hufanywa na makuhani kadhaa wanaogawana, na kwa siku nyingi. Ubeti huu ukisomwa kwa utulivu huchukua kama sekunde 12. Mara 125,000 ni zaidi ya saa 416, yaani siku 17 usiku na mchana. Ili mtu mmoja amalize kwa siku saba, angelazimika kuutamka kila baada ya sekunde zisizotimia tano, bila kula, bila kulala, bila kwenda haja. Mwambie kaka yako aifanye hesabu hiyo kwa kalamu yake mwenyewe, kwa sababu neno langu na lako anaweza kulikataa, lakini namba atazifikia mwenyewe.

Halafu usiishie kwenye kumkatalia. Kaka yako yuko mbali, hamwoni Ba akivimba miguu wala akicheka, na fedha ndiyo njia pekee anayoiona ya kuwapo. Mpe njia nyingine. Ninyi mko wanne: Ba, wewe, kaka yako na mkewe. Kila mmoja akisoma mala moja kwa siku, yaani mara 108, kwa pamoja mtafikia 125,000 kwa takriban siku 290. Kwa mwendo huo mala moja haimalizi nusu saa. Yeye asome yake Leicester kabla ya kwenda kazini na awapigie simu jioni kutaja hesabu, na Ba atajua kila siku kwamba mwanawe ametumia dakika ishirini na kitu kwa ajili yake. Zile fedha akipenda azitume zilipie mashine na nauli. Na kama mnataka sala ya kuhani, nendeni hekaluni kwa kuhani mnayemfahamu, ambaye hupokea dakshina, yaani zawadi ya kuhani, mtakayompa kwa hiari yenu na hataigusa ratiba ya daktari.

Mjomba wako anasema lililosemwa na wengi kabla yake, nami simvunjii heshima, lakini sikubaliani naye. Ndani ya Rigveda hiyohiyo zimo nyimbo zinazohesabiwa kuwa za wanawake. Ghosha ni mmoja wao. Mapokeo yanasimulia kwamba aliugua ngozi hadi akakosa mume, akaponywa na Ashvin, matabibu wawili wa miungu, na nyimbo zake mbili zimo katika kitabu cha kumi. Arya Samaj, jumuiya ya Kihindu ya mageuzi iliyoanzishwa na Dayananda Saraswati huko Bombay mwaka 1875 na kufika Afrika Mashariki mwanzoni mwa karne ya 20, iliwafundisha wasichana Veda waziwazi. Ba mwenyewe ameusoma ubeti huu maisha yake yote. Ikiwa bado moyo wako unasita, au hutaki ugomvi na mjomba wakati huu, sema Om Namah Shivaya, mantra fupi ya kumsujudia Shiva, ambayo haina mlinzi mlangoni.

Daftari lako liko sawa, ila jihadhari na herufi moja. Ile dh ya sugandhim, vardhanam na bandhanan usiitamke kama dh ya dhahabu, ambayo ulimi hupita kati ya meno. Ni d yenye pumzi nyuma yake, ileile anayoitoa Ba jikoni anapoagiza viungo vya dhana-jiru. Na kwenye mamritat usikate baada ya mam. Kata, ukilazimika, baada ya ma, ili lile si libaki si, kwani ndani yake ndimo ulimofichwa uzima. Usiwe na hofu ukikosea. Weka mwendo wako uwe huu: vuta pumzi kwa pua, toa vipande viwili, vuta tena, toa viwili vilivyobaki. Siku ambazo Ba amechoka, mara 27 zinatosha, hata 11. Wodini aendelee kusoma kimyakimya bila kujiona anapunguza kitu, kwa kuwa sheria za kale za Manu zinaipa sala ya moyoni daraja la juu kuliko ya kunong’ona, na ya kunong’ona kuliko ya sauti. Akihisi kizunguzungu au jasho baridi akiwa kwenye mashine, aache kusoma na mwite muuguzi papo hapo. Huenda presha inashuka. Na kama anatamani kufunga Jumatatu, muulizeni mtaalamu wa lishe wa kituo chenu awapangie mlo wa siku moja unaofaa, au afunge kitu kingine kisichoingia tumboni. Nimemjua mama mmoja aliyefunga kusengenya kwa wiki nzima, na alikiri kuwa kufunga chakula kungekuwa rahisi zaidi.

Limebaki swali la Ba, lile lililokufanya utafute simu kwenye mkoba. Atakuuliza tena, na safari hii umtazame usoni. Mwambie figo hazitarudi. Mwambie mashine inafanya kazi yake, na kwamba mtamuuliza daktari kama kwa umri wake na kisukari chake inawezekana kufikiria figo ya kupandikizwa, kwa maana Muhimbili wameanza kuifanya kazi hiyo tangu mwaka 2017. Kisha mwombe akueleze kwa maneno yake mwenyewe maana ya urvaruka. Ninashuku kwamba Ba, ambaye amelitaja tango hilo kila alfajiri kwa zaidi ya nusu karne, anajua anachokiomba kuliko sisi wawili, na kwamba alipokuuliza alikuwa anataka kujua kama wewe utaweza kuzungumza naye juu yake.

Jumatatu mfike kituoni mapema. Ukishaufungua uzi, weka vidole vyako viwili polepole juu ya ule mshipa. Utasikia mtetemo chini ya ngozi, mwembamba na usiokatika, kama nyuki aliyefungiwa ndani ya kiberiti. Hiyo ni damu inayopita. Uutafute kila asubuhi kabla hamjaanza mala, na siku utakapoukosa, acheni kila kitu mwende hospitali saa hiyohiyo.